Watu Aliowakatalia Mzee wa Pembejeo

Alikuwa akisema "sina" huku kitu chenyewe kiko nyuma ya mgongo wake, kimepangwa shelfuni, lebo imetazama mbele. Mteja akinyoosha kidole, "Si ile pale, Mzee?" yeye hageuki hata kuangalia. "Ile ipo," anajibu. "Lakini sina." Halafu anaendelea kumpimia pumba mteja mwingine, na ukimjua unaelewa kwamba mazungumzo yameisha.

Upande wetu wa Kibamba wote tulimwita Mzee wa Pembejeo. Jina lake kamili lilikuwa kwenye leseni iliyotundikwa ukutani, ila sikumbuki kumsikia mtu akilitamka. Aliuza chakula cha kuku, vifaranga, chanjo, mbegu za mchicha na nyanya, dawa za kupe na viroboto, na kwenye shelfu ya juu kabisa, ambayo haifikiki bila ngazi, sumu za panya na za wadudu. Alikuwa mtu mwembamba wa asili ya Kihindi, Mshia, miwani yake imefungwa kwa kamba ya kiatu na kuning'inizwa shingoni. Mie nilimjua kwa sababu mama yangu alifuga kuku wa nyama, na kwa miaka mingi ilikuwa kazi yangu, binti yake, kupitia pale nikitoka shule na kubeba mfuko wa chakula. Aliniita Mwalimu tangu niko chuoni, kabla sijasimama mbele ya darasa hata moja. Nilipomwambia sijawa mwalimu bado, alisema, "Utakuwa. Huoni unavyohesabu makosa yangu? Unarekebisha watu kila ukiongea."

Wako waliokataliwa wakaishia kucheka. Mama mmoja alikuja na gari kutoka Goba, kavaa mikufu, akataka dawa ya kuku wanaoharisha, tena chupa za kutosha banda zima. Mzee akaanza maswali yake. Kuku wanalala wapi? Maji yanabadilishwa saa ngapi? Anayewalisha ni nani? Mwisho akasema, "Dawa sina. Kuku wako hawaumwi, mama. Wana njaa. Chakula chao kinauzwa na huyo unayemwachia." Yule mama aliondoka akisonya. Baadaye alirudi na trei ya mayai, akaiweka juu ya kaunta bila kusema kitu, na Mzee naye akaipokea bila kusema kitu.

Mtoto akija kutaka kifaranga kimoja, hauziwi. "Kimoja sina. Kimoja kinalia usiku kucha kinatafuta wenzake. Mlete mama yako mchukue viwili, au nenda kacheze mpira." Mwanamume akija anayumba, mdomo unanuka pombe, hata mbegu za bamia hapati. "Njoo kesho, utazipanda vizuri zaidi."

Siku moja nilimuuliza, kwa utani tu, "Mzee, hivi unaruhusiwa kweli kumnyima mtu kitu ambacho kipo dukani?"

"Kisheria?"

"Ndiyo."

"Sijui," alisema. "Wewe ndiye umesoma. Ukijua uniambie."

Sikujua. Wala sikuwa na haraka ya kujua.

Nisimpambe. Alikuwa na makosa yake, tena ya kukera. Nimekaa sana juu ya magunia ya pale nikisubiri zamu yangu, na niliona kwamba maswali yake hayakuwa kwa kila mtu. Msichana aliyevaa kanga iliyochakaa akiomba dawa ya wadudu, ataulizwa mpaka jasho limtoke. Kijana wa bondeni anayelima mchicha, ataulizwa. Mwanamume mwenye tai, au mwenye funguo za gari mkononi, Mzee anapanda ngazi kimya kimya na kumshushia anachotaka. Nikamwambia.

"Mbona wenye tai huwaulizi?"

Alivua miwani. Nikadhani nimemuudhi na sitaongeleshwa tena. Halafu akasema, "Unadhani silioni hilo?"

Wiki hiyohiyo akaja mchungaji wa mtaa wa juu, suti nyeusi, Biblia kwapani, kutaka sumu ya mchwa. Mzee akamuuliza ni ya nini, nyumba iko wapi, na kama mkewe anajua. Mchungaji akawaka. "Mimi nachunga roho za watu, halafu wewe unanichunga mimi?" Mzee alinisimulia kisa hicho akiwa amefurahi kama mtoto aliyepata vema, lakini nadhani alichoka mapema. Mwezi uliofuata nilimwona akimpandia ngazi afisa mmoja bila kufungua mdomo.

Kosa lake jingine, hakujua kuomba radhi. Yule kijana wa bondeni alikataliwa dawa siku aliyokuja macho mekundu kwa kukosa usingizi, na kumbe alikuwa amekesha akimwagilia. Wadudu wakala matuta yake yote. Alirudi na fungu la mchicha uliotobolewa majani kama chekeche, akalitupa juu ya kaunta. "Kula basi!" Mzee alilitazama lile fungu. Akaingia ndani, akatoka na mfuko wa mbegu, akauweka mkononi mwa yule kijana. Neno "samahani" halikumtoka. Nilisimama pale nikilisubiri, na kijana naye alilisubiri, na halikuja.

Mikono ya Mzee ilikuwa mikavu na myeupe kwenye vidole kwa sababu ya sabuni. Kila alipogusa kitu cha shelfu ya juu alitoka nje kwenye ndoo yenye bomba, akaosha mpaka kwenye viwiko, ndipo arudi kukupa chenji. Wateja walalamike, wasilalamike. Mchana alikula mihogo ya kuchemsha yenye pilipili, mkewe akimletea kwenye hotpoti, na walikula pamoja nyuma ya duka wakibishana kwa sauti ya chini kuhusu redio: yeye anataka taarifa ya habari, mke anataka taarabu. Siku za Muharram, za maombolezo ya Washia, alivaa nyeusi, akaweka pipa la sharubati ya ukwaju mlangoni, wapita njia wanywe bure. Mama yangu, Mnyakyusa wa Tukuyu na mzee wa kanisa, mwaka wa kwanza alipita upande wa pili wa barabara. Mwaka wa pili alikuwa na kiu. Kuanzia hapo alikuwa akiniuliza, "Hivi lile pipa la Mzee wanaweka lini?"

Sasa nifike kwa dada yangu.

Atupele ni mkubwa kwangu. Alikuwa ameolewa Mbagala, na alirudi nyumbani kwa mama mwaka aliofiwa na mtoto wake wa kwanza, mtoto ambaye hakufika hata kukaa. Mumewe alimleta mwenyewe, akasema apumzike kidogo, atakuja kumchukua. Alipiga simu wiki za mwanzo. Baadaye akawa hapigi, na akipigiwa yuko kikaoni. Dada alifagia uwanja, alipika, alilisha kuku. Ukimsemesha anajibu. Hakulia, na kwa sababu hakulia tukawa tunaambiana kwamba anaendelea vizuri.

Jumamosi moja mchana alioga, akavaa gauni lake la bluu la kanisani, akachana nywele, akatoka. Alirudi upesi, akabamiza mlango. Kaka yetu alikuwepo nyumbani siku hiyo. Yeye ni karani kwenye ofisi ya mawakili mjini, mtu wa suruali yenye mkunjo, asiyependa kuonewa wala kuona ndugu yake ameonewa.

"Nini tena?" kaka akauliza.

"Yule mzee. Kanikatalia."

"Kakukatalia nini?"

"Sumu ya panya. Mama si kila siku analia na panya wa stoo?"

Duka lilikuwa limejaa, alisema. Mzee alimuuliza maswali yake na yeye akayajibu yote, tena kwa kucheka. Mzee akaanza kupanda ngazi, na Atupele akamwambia, "Usiwe na wasiwasi, Mzee." Hapo Mzee akasimama katikati ya ngazi, akashuka mikono mitupu. "Sina." Dada akanyoosha kidole: si ile pale? Mzee akasema, mbele ya watu wote, "Ile ipo. Lakini kwako wewe sina." Kisha mtu wa nyuma yake, dereva wa bodaboda, akaomba kitu hichohicho, na Mzee akapanda ngazi akamshushia.

Lile neno "kwako" ndilo lililochoma. Mtu mmoja pale dukani alikuwa ameshatoa simu na kurekodi, na kabla jua halijazama video ilikuwa kwenye kundi la mtaa. Dada yangu anaonekana mgongo tu, lile gauni la bluu, na sauti ya mtu pembeni: "Mhindi kamkatalia sista wa watu! Hela yetu anaitaka, sie wenyewe hatutaki!" Watu wakaanza kuandika. Kila mmoja aliyewahi kuambiwa "sina" akakumbuka ya kwake, na hakuna aliyekumbuka kwamba hata Wahindi wenzake, na mchungaji, na walevi wa kila kabila, wamewahi kuambiwa hivyohivyo.

Kaka aliuliza kazini. Jumatatu jioni akaja na jibu. Wakili wake alikuwa amemwambia kwamba kitu kukaa shelfuni si ahadi ya kukiuza. Mwenye duka ana hiari yake, hashurutishwi kumuuzia kila aingiaye. Lakini akikukataa kwa ajili ya rangi yako, au kabila, au dini, hapo anagusa haki ambayo Katiba inailinda, na mtu anaweza kwenda mbele nayo.

"Kwa hiyo?" mama akauliza.

"Kwa hiyo kila kitu kiko kwenye sababu," kaka akasema. "Aseme sababu. Asipokuwa nayo, tunaijua sie."

Tuliitwa ofisi ya serikali ya mtaa. Mwenyekiti alikuwepo, na mtendaji wa kata, mama mmoja makini mwenye sauti ya upole, na watu wengi kuliko viti. Mzee alikuja na mkewe. Atupele alikaa kati yangu na mama, macho chini. Kaka alieleza vizuri, kwa mpangilio, kama mtu aliyekaa miaka mingi akisikiliza mawakili. Watu wakapiga makofi.

"Mzee," mwenyekiti akasema, "umesikia. Ulikataa kumuuzia huyu binti?"

"Nilikataa."

"Aliyemfuata ulimuuzia?"

"Nilimuuzia."

"Sababu?"

"Sababu ninayo. Siisemi."

Ukumbi ukaguna. Mwenyekiti akanyanyua mkono. "Mzee, ukikaa kimya watu watajisemea."

"Waache waseme."

Mtendaji ndiye aliyeingilia. Alisema leseni inamruhusu kuuza, haimlazimishi kumuuzia kila mtu. Akasema pia kwamba bidhaa yenyewe si sukari. "Hii ni sumu. Ungemuuzia mtu, yakatokea ya kutokea, tungekuja kukuuliza wewe. Labda, Mzee, tusaidie tu. Labda ulimwangalia huyu binti ukaona hayuko sawa? Ukaogopa?"

Watu wote wakageuka kumtazama dada yangu. Nilikuwa nimekaa naye bega kwa bega. Nilihisi mwili wake umekakamaa, hata pumzi haitoki.

Mzee akasimama. Hakumtazama Atupele hata kidogo.

"Hapana," alisema. "Binti huyu hana tatizo lolote. Ni mtu mzima mwenye akili zake. Tatizo lilikuwa langu. Siku ile nilikuwa na hasira zangu, nikazimalizia kwake. Nilikosea. Namwomba radhi yeye, na mama yake, na kaka yake."

Mtu ambaye nilimwona akishindwa kumwambia kijana wa mchicha neno moja.

Bega la dada yangu lililegea. Alitoa pumzi ndefu, kama mtu aliyetua ndoo kichwani, na kwenye pumzi ile nikaelewa. Nilimtazama mama upande wa pili. Mama alikuwa anatazama sakafu, midomo imebana. Ukumbi ulikuwa unapiga kelele za ushindi. Mwenyekiti akamwonya Mzee asirudie, kaka akapewa mikono, na mke wa Mzee akajifunika uso kwa ushungi.

Tuliporudi nyumbani mama aliketi jikoni bila kuvua viatu. "Panya nililalamika," akaniambia. "Lakini sikumtuma mtu."

Siku kadhaa zilipita. Mama alihamishia kitanda chake chumbani kwa dada na kusingizia kwamba chumba chake kinavuja. Kaka bado alikuwa anataka kuendelea mbele; radhi haikumtosha. Alikuwa anaongea habari za barua kwa mkuu wa wilaya wakati tunakula, na Atupele akaweka kijiko chini.

"Kaka, mwache yule mzee."

"Kwa nini nimwache?"

"Kwa sababu alijua."

"Alijua nini?"

Atupele alimtazama tu. Nilimwona kaka yangu, mtu wa maneno, maneno yakimwishia usoni moja baada ya jingine. Alinyanyuka, akaenda nyuma ya mabanda, akakaa huko. Aliporudi macho yake yalikuwa mekundu na alisema anataka kwenda kwa mwenyekiti asubuhi kulisafisha jina la Mzee.

"Utamwambiaje?" dada akauliza.

Hakukuwa na namna ya kumwambia. Ukimtoa Mzee kwenye lile tope lazima umtumbukize Atupele. Kaka alikwenda dukani badala yake. Alimkuta Mzee peke yake, na akamwambia tunajua. Mzee akamjibu, "Mnajua nyie, inatosha. Asijue mtu mwingine. Dada yako atapita kwenye mtaa huu miaka mingi kuliko mimi."

Mie nilikwenda baada yake. Mvua ilinikuta pale, tukakaa juu ya magunia, na hapo ndipo aliponisimulia habari ya mtu aliyemuuzia sumu zamani. Mtu mzima, shati limepigwa pasi, kalamu mfukoni. Walitaniana. Mzee akamfungia mzigo wake kwenye gazeti, akamwambia awe mwangalifu na watoto nyumbani. Yule mtu akasema, "Usiwe na wasiwasi, Mzee." Askari walikuja kesho yake kumuuliza kama anamkumbuka.

"Walikushtaki?"

"Kwa kosa gani? Niliuza. Kuuza si kosa." Alisugua vidole vyake vikavu. "Tangu hapo nikaweka ngazi. Ili nipate muda kidogo wa kumtazama mtu. Lakini sioni kitu, Mwalimu. Watu wanadhani naona. Nawakatalia wale wenye sura ya shida kwa sababu shida yao inaonekana, na yule aliyekufa hakuonekana kabisa. Dada yako nisingemjua. Alikuwa amependeza. Ni yale maneno tu. Angesema mengine ningemuuzia."

Mvua ilikuwa imekwisha lakini hatukuinuka.

Duka halikupona. Vijana walipaka rangi neno MBAGUZI kwenye mlango wa bati, Mzee akalifuta, wakalirudia, akaliacha. Watu walihamia duka jipya karibu na stendi, kwa kijana mchangamfu anayemuuzia kila mtu kila kitu. Kaka yangu, asiye na hata chungu cha maua, alikuwa akija kila Jumamosi kutoka kwake, anapaki gari mbele ya mlango wa Mzee pale ambapo kila mtu anaona, na kununua mbegu za nyanya. Mama alinunua chakula cha kuku palepale mpaka mwisho. Haikutosha. Muharram ya mwaka ule lile pipa la sharubati lilikaa mlangoni tangu asubuhi, na nilipopita saa za jioni lilikuwa karibu limejaa. Tulikunywa mie na mama, mpaka tumbo likauma. Muda si mrefu Mzee na mkewe walifunga duka, wakaenda kukaa kwa mtoto wao wa kiume Mbezi Beach.

Dada yangu aliishi. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyo, si kwamba alipona siku moja ikaisha. Kulikuwa na miezi mibaya. Kulikuwa na daktari hospitali ya wilaya ambaye mama alimpeleka kwa kumdanganya kwamba anakwenda kumsindikiza yeye. Baadaye alipanga chumba Goba, akaanza kushona sare za shule, na sasa ana mafundi wawili chini yake na mdomo mkali. Kibamba anakuja kwa nadra, na akija anapita njia ya nyuma.

Mwaka jana nilikuwa Mbezi Beach, nimeingia duka la dawa kutafuta dawa ya mafua, nikasikia sauti ninayoijua mbele yangu kwenye kaunta. Alikuwa amepungua sana. Alikuwa anataka dawa za usingizi.

"Cheti cha daktari unacho, babu?" msichana wa kaunta akauliza.

"Kimepotea. Lakini natumia siku zote."

"Bila cheti siwezi kukupa."

"Mwanangu, mimi mwenyewe nilikuwa na duka. Najua unaweza."

"Babu, ndiyo utaratibu." Msichana hakumtazama, alikuwa anahesabu vidonge vya mtu mwingine. Wala hakuwa mkorofi. Mzee akamshukuru, akamshukuru tena, kupita ilivyohitajika, akageuka, akaniona.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba." Ilimchukua muda. "Mwalimu."

Nje aliniambia mkewe amefariki. Mwanawe na mkwewe wanatoka alfajiri na kurudi jioni. Nyumba ni nzuri, alisema, ina kiyoyozi, iko kimya. Hapati usingizi. Nilikuwa na swali mdomoni, la ni za nini hasa zile dawa, na nikasikia jinsi litakavyotoka, na sikuliuliza.

"Nakusindikiza," nikasema.

"Njia naijua."

"Najua unaijua."

Tulitembea. Alipokuwa anafungua geti nilirudi nyuma kidogo, nikampigia Atupele. Sikumweleza mengi. Nilisema, "Niko na Mzee wa Pembejeo na sijui nifanye nini." Akasema nimtumie ramani.

Alikuja na bodaboda, nyuzi bado zimeng'ang'ania gauni lake. Hawakuwahi kukaa chumba kimoja tangu siku ile ya ofisi ya mtaa. Akamwamkia, Mzee akaitikia. Wakakaa wanatazamana, na mie nikawa natazama zulia.

"Ulinichukia?" Mzee akauliza.

"Sana. Nalala nakutukana, naamka nakutukana. Mwezi mzima ule sikumuwaza mtu mwingine, hata mume wangu. Nilikuwaga nakuwaza wewe tu."

Mzee akacheka kidogo, kwa pumzi, akajifuta mdomo.

"Ungeniita pembeni," Atupele akasema, na sauti yake ikabadilika. "Watu wote wale, Mzee. Na simu zao. Mpaka leo kuna watu Kibamba siwezi kupita mbele yao."

"Ningekuita pembeni, ungekuja?"

Alifikiri. Dada yangu si mtu wa kujibu kwa kumridhisha mtu. "Nisingekuja. Ningeenda duka jingine."

"Basi."

"Siyo basi," alisema. "Siyo basi hata kidogo."

Mzee aliinamisha kichwa, akakubali hilo nalo. Kisha Atupele akauliza lile nililoshindwa mimi, bila kupunguza sauti.

"Leo ulikwenda kutafuta dawa za kulala, au za kutoamka?"

Niliona mikono yake ikitafutana mapajani. "Sijui, binti," alisema. "Nilipotoka hapa nilikuwa najua. Nilipofika pale nikawa sijui tena."

Atupele akavua viatu, akapandisha miguu kwenye kochi la watu.

"Mwanao anarudi saa ngapi?"

"Jioni. Inategemea foleni."

"Tutamngoja."

"Mna kazi zenu."

"Tunazo."

"Mtamwambia?"

"Wewe ndiye utamwambia. Sie tutakuwa tumekaa hapa."

Hapo akakasirika, na kwa kitambo kidogo nikamwona mtu wa zamani. "Hapa ni nyumbani kwangu. Naweza kuwaambia mtoke."

"Unaweza," Atupele akasema. Akainuka, akauliza jikoni ni wapi, na hakungoja jibu. Nilimsikia akifungua makabati, akitafuta majani ya chai na sukari. Mzee alinitazama kana kwamba nitamwita arudi. Sikumwita. Alitazama mlango, akatazama mlango wa jikoni, akaegemea nyuma na kufumba macho. Hakutuambia tutoke.

Tulikunywa chai. Tulizungumza habari za kuku, za mama, za mafundi wa Atupele wanaokata kitambaa upande. Kivuli cha ukuta kilikuwa kimefika kwenye viti vya nje honi iliposikika na geti likaanza kufunguliwa. Atupele hakusogea, wala mie. Mzee ndiye aliyesimama, akishikilia mkono wa kiti, akaenda mwenyewe mpaka mlangoni kumpokea mwanawe. Yule bwana, mfuko mkononi, alituona, wanawake wawili asiowajua wamekaa sebuleni kwake, akatutazama, akamtazama baba yake.

"Weka mfuko chini, baba," Mzee akamwambia. "Kaa kwanza. Nina neno na wewe."